Mheshimiwa kaposti, mama bado anasubiri maji

Najua nimekuwa kimya, si unajua tena kazi zetu hizi, mhariri akishakupangia safari huna pa kujificha. Leo nimepata kanafasi, na kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Naomba tulitazame pamoja, taratibu tu, bila jazba.

Nilitumwa kufuatana na mbunge mmoja jimboni kwake. Jina lake naliacha, na la jimbo pia, maana ukimtoa yeye ukamweka mwingine habari haibadiliki. Tulifika kwenye kata moja yenye mradi mpya wa maji. Tanki limepakwa rangi, bomba linang'aa, utepe umefungwa. Mheshimiwa akakata utepe, akafungua koki, maji yakatoka. Akainama akanawa uso. Akina mama wakapiga vigelegele.

Pembeni alikuwepo kijana wake wa mitandao, simu mbili mkononi. Akasema, "Samahani Mheshimiwa, turudie kidogo, jua lilikuwa nyuma yako." Mheshimiwa akarudia. Kwa hesabu yangu alinawa uso mara tatu.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo akanyoosha mkono. Hakungoja kupewa nafasi. "Mheshimiwa, shikamoo. Haya maji yameletwa na boza asubuhi, yamemwagwa kwenye tanki. Kisima chenyewe hakina pampu. Sasa sisi tunauliza, maji ya kesho yanatoka wapi?"

Kimya. Diwani akakohoa. Kijana wa mitandao akashusha simu zote mbili. Mheshimiwa akatabasamu, akasema suala hilo litafanyiwa kazi, tukapanda magari.

Hatujafika hata kwenye lami, video iko hewani. Muziki mzuri, koki, maji, vigelegele, uso unanawiwa, na maneno chini yake: niliahidi, nimetekeleza. Mama na ndoo yake hawamo. Swali lake halimo. Mpaka jioni watu kibao walikuwa wameshapenda, na wengine wakaandika "jembe letu" na "miaka mitano tena".

Sasa naomba nikiri jambo la aibu. Jioni ile mhariri wa zamu alikuwa na kanafasi ka maneno mia mbili kwenye ukurasa wa mikoani, na muda wa kufunga ukurasa ulikuwa umekaribia. Nilikuwa nimechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Nikafungua akaunti ya Mheshimiwa, nikachukua picha, nikachukua maneno yake, nikaunganisha. Kesho yake ikatoka: mbunge azindua mradi wa maji. Jina langu juu. Swali la mama lilikuwa kwenye daftari langu, nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na likabaki humo humo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hii mitandao ya kijamii imetusaidia nini hasa kwenye demokrasia? Maana tuliambiwa itamweka mwananchi karibu na kiongozi. Na kweli, leo unaweza kumwandikia waziri ukiwa kwenye daladala, umeshika bomba kwa mkono mmoja. Baba zetu wangeandika barua, wagonge muhuri, wangoje miezi. Lakini kufikisha ujumbe ni jambo moja, kujibiwa ni jambo jingine. Kwa mtazamo wangu, wanasiasa wetu wengi wameifanya mitandao kuwa kipaza sauti, na sisi wananchi tumeifanya kuwa kijiwe. Kipaza sauti hakina masikio. Na kijiwe, hata kikipiga soga usiku kucha, asubuhi hakuna aliyeandika muhtasari.

Tuanze na wakubwa. Mwanasiasa wa leo hana haja ya kungoja mwandishi wa habari. Ana akaunti yake, mpiga picha wake, na ana chawa wake. Wadau mnajua chawa ni nani, sina haja ya kueleza: yule kijana ambaye kazi yake ni kusifia asubuhi, mchana na jioni, na ukiuliza swali anakuvamia yeye na wenzake kumi mpaka unajuta. Ukimpigia mbunge simu kama mwandishi, anakwambia, "Mdogo wangu, si nimeshaposti? Chukua pale." Na sisi, kama nilivyokiri hapo juu, tunachukua pale.

Kumbukeni pia jambo hili. Januari 2016, waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Sababu iliyotolewa ni gharama. Mimi nilikuwa bado navaa sare za shule, lakini namkumbuka baba alivyozima televisheni kwa hasira. Baada ya hapo Bunge likaanza kutufikia kwa vipande. Na kipande, ndugu zangu, hukatwa na mwenye kisu. Mbunge anakata dakika yake moja aliyofoka kwa uchungu kuhusu barabara ya jimboni kwake, anaposti. Kura aliyopiga jioni yake kupitisha bajeti ile ile isiyo na barabara hiyo, hiyo hakati.

Jirani zetu Kenya nao wana somo. Uhuru Kenyatta alikuwa mmoja wa marais wenye wafuasi wengi sana mtandaoni barani Afrika, mamilioni, na Wakenya walikuwa wakimjibu papo kwa papo, kwa matani na kwa hasira. Machi 2019 akaunti zake zikafungwa. Ikulu ilisema zimeingiliwa na watu wasiohusika. Iwe ni hivyo au vinginevyo, mazungumzo ya mamilioni ya watu na rais wao yalikatika kwa siku moja, kwa sababu kiwanja kilikuwa chake. Mwaka mmoja kabla, Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha video za siri ambazo ndani yake kigogo wa kampuni ya Cambridge Analytica alijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Kenyatta za 2013 na 2017, mpaka kuandika hotuba na ilani. Maana yake ni kwamba wakati mwananchi anadhani anapiga soga na kiongozi wake, huenda upande wa pili amekaa mtaalamu wa ofisini London anayepima ni hofu gani inamgusa.

Lakini nisiwaonee wakubwa peke yao. Sisi je?

Sisi tunapenda kucheka. Novemba 2015, John Magufuli alipoingia madarakani na kufuta sherehe za Uhuru akaelekeza watu wafanye usafi, mtandao mzima wa Afrika Mashariki ukalipuka na alama ya reli #WhatWouldMagufuliDo. Mtu amefunika gari kwa majani ya migomba badala ya kununua turubai, anauliza Magufuli angefanyaje. Wakenya walitamani tuwaazime rais. Tulicheka, na katika kucheka tukamjenga mtu kuwa shujaa kabla hajamaliza mwezi mmoja ofisini.

Tulivyokuwa tunacheka, sheria ilikuwa imeshapita. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge mwezi Aprili 2015, ikaanza kutumika Septemba mwaka huo, kabla ya uchaguzi. Mwaka 2016 kijana mmoja Arusha akahukumiwa kwa kumtukana rais kwenye Facebook: miaka mitatu jela au faini ya shilingi milioni saba. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu akatakiwa kulipa laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni moja nyingine ya kila mwaka. Kaka zetu na dada zetu waliotufundisha kublogu, watu waliokuwa wakiandika usiku kwenye vibanda vya intaneti kwa pesa zao za mfukoni, wengi wakanyamaza Juni ya mwaka huo. Rais yule yule tuliyemchekea kwa upendo.

Nini kinanishangaza katika historia hii? Kwamba tusi moja la Facebook lilimpeleka mtu mahakamani, lakini tusi lile halikubadilisha chochote. Halikuongeza dawa hospitali. Kijana alilipa bei kubwa sana kwa kitu ambacho hata angeachwa, kesho yake kingesahaulika.

Sasa linganisha na mambo mengine matatu.

La kwanza. Aprili 2018, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilipowekwa mezani, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, aliisoma na kuuliza swali moja: mapato yaliyokusanywa ni haya, matumizi ni haya, shilingi trilioni 1.5 ziko wapi? Swali likaenea kila simu. Halikuwa na tusi hata moja. Serikali ikalazimika kutoa maelezo, mara moja, mara mbili, ndani na nje ya Bunge. Watu wengine waliridhika, wengine mpaka leo hawajaridhika. Lakini kwa mara ya kwanza nilisikia kondakta wa daladala akisema neno "hati ya ukaguzi".

La pili. Juni 2023, makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari yalivuja na kuanza kuzunguka WhatsApp kama faili. Kurasa nyingi, Kiingereza kigumu cha wanasheria. Mngetegemea vijana wayapuuze. Hapana. Watu waliozoea kubishana Simba na Yanga wakaanza kutajiana ibara. Ibara ya 23 ikawa maarufu kuliko mfungaji bora, ile iliyosema kwamba pande mbili haziwezi kujitoa wala kuvunja makubaliano hata kukiwa na ukiukwaji mkubwa. Watu walikaa kwenye mijadala ya sauti X na Clubhouse mpaka saa nane usiku, mwanasheria anasoma, mama wa Sweden anauliza, kijana wa Mbeya anajibu. Bunge likaridhia tarehe 10 Juni. Kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu Mbeya, ikatupwa Agosti. Maaskofu Katoliki wakatoa tamko. Wakosoaji kadhaa wakakamatwa, akiwemo balozi wa zamani Dk. Willibrod Slaa, wakaachiwa baadaye. Halafu Oktoba 22, 2023, mikataba yenyewe iliposainiwa Chamwino, ikawa na ukomo wa miaka 30, na eneo likatajwa kwa namba: gati namba 4 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam. Serikali ikasema maoni ya wananchi yalizingatiwa.

Sisemi ni mtandao peke yake uliofanya hayo. Wala sisemi mkataba ulikuwa mzuri au mbaya, hapo kila mtu ana msimamo wake. Nasema hivi: lile swali la "mpaka lini?" ambalo watu waliuliza mwezi Juni, mwezi Oktoba lilikuwa na jibu lenye tarakimu. Si jambo dogo.

La tatu ni Kenya, mara mbili. Agosti 2022, tume yao ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000. Fomu ya kila kituo, yenye saini za mawakala, mtu yeyote aipakue. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, vijana wakajumlisha na kompyuta zao. Matokeo yalibishaniwa, mpaka Mahakama ya Juu ilipoyathibitisha Septemba 5. Lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi ambayo kila mmoja anaiona. Mwenye madai alitakiwa kutaja kituo.

Kisha Juni 2024, Muswada wa Fedha. Vijana wa Kenya hawakuanza na mawe. Walianza na kusoma. Kifungu kwa kifungu, TikTok, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikikuyu, kwa Kijaluo. Mkate utatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Gari litatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Namba za simu za wabunge zikasambazwa, simu zikafurika ujumbe: wewe utapiga kura gani? Waliweka hata majina ya wabunge na kura zao hadharani. Tarehe 18 Juni, kodi ya mkate na ya magari zikaondolewa kabla ya kura. Tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha muswada dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, risasi zikapigwa. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatausaini. Julai 5 aliingia kwenye mjadala wa sauti wa X, vijana wakamuuliza maswali ana kwa ana, na Julai 11 akavunja baraza la mawaziri.

Mmeona kinachofanana? Katika yote matatu kuna karatasi. Kuna mtu anayetakiwa kujibu, na anajulikana kwa jina na kwa cheo. Na kuna tarehe: siku ya kura, siku ya kusaini, siku ya kutangaza matokeo. Vitu hivyo vitatu vikikutana, mtandao unakuwa na meno. Visipokutana tunabaki na vigelegele upande mmoja na matusi upande mwingine, na Mheshimiwa katikati ananawa uso.

Najua mdau mmoja ataniambia, "Mwandishi, unatupeleka pabaya. Waliouliza maswali yenye karatasi nao wamelipa." Ni kweli, na sitaki kulipita jambo hili haraka haraka. Kenya makumi ya vijana waliuawa katika maandamano yale ya 2024. Wengine walitekwa, wakiwemo waliotengeneza picha za kumkejeli rais. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni alikamatwa kwa sababu ya posti iliyomhusu kiongozi wa juu wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote kwamba ukiuliza kwa adabu na ushahidi utakuwa salama. Ningekuwa namdanganya.

Na kwetu hapa? Oktoba 2020, siku ya kupiga kura inakaribia, Twitter na WhatsApp zikawa hazifunguki bila VPN. Babu yangu wa kijijini alijifunza neno VPN mwaka ule. Mei 2025 X ikazuiwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwemo na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, intaneti ikazimwa nchi nzima. Watu wakauawa mitaani na sisi tuko gizani, hujui ndugu yako wa Mwanza yuko hai au la. Matokeo yakatangazwa, Rais Samia Suluhu Hassan asilimia 97.66, na wengi wetu tuliyasikia redioni kama mwaka 1985. Mtandao uliporudi Novemba 3, picha zikaanza kumiminika, na pamoja nazo ujumbe wa polisi kwenye simu zetu wa kutuonya tusisambaze picha za kuleta taharuki.

Nilikaa na simu yangu usiku ule, nikafikiria sana. Wanaosema mitandao ni upuuzi wa vijana wanijibu: mbona ukifika wakati wenyewe, kitu cha kwanza kuzimwa ni huo upuuzi? Hakuna anayezima kitu kisichomsumbua. Na mnaoamini kwamba mtandao peke yake utatukomboa, nanyi nijibuni: mtu akishika swichi, una nini kingine? Una jirani unayemjua jina? Una mwenyekiti wa mtaa uliyewahi kumuuliza mapato na matumizi?

Hapo ndipo nikarudi kwa yule mama.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi kwa nauli yangu, nikaenda. Sikuwa na gari la Mheshimiwa wala kofia ya gazeti. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe si yule wa gazeti? Nilisikia asubuhi redioni wakisoma magazeti, wanasema mbunge ametuletea maji." Hakusema kwa ukali. Angefoka ningejisikia nafuu.

Mama yule ana kitochi. Hajui X wala Instagram. Hajaiona video ile hata leo. Lakini uongo wa video ulimfikia hata hivyo: ulitoka kwenye simu ya kijana wa mitandao, ukapita kwenye kompyuta yangu, ukapita kwenye gazeti, ukapita kwenye redio, ukamkuta jikoni kwake na ndoo tupu. Swali lake ndilo halikupata njia ya kurudi. Na mahali lilipokwama ni kwenye daftari langu.

Akanipeleka kwenye kibao cha mradi. Kila mradi una kibao, si mnavijua? Jina la mradi, mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukamilika. Tarehe ya kukamilika ilikuwa imepita miezi saba. Kibao kiko hatua kumi kutoka kwenye bomba alilonawia uso Mheshimiwa. Hakikuonekana kwenye video, na mimi siku ile sikukisoma.

Kijana mmoja wa pale, fundi simu, akakipiga picha. Akaandika mistari mitatu tu: hiki ndicho kibao, tarehe ilikuwa hii, pampu iko wapi? Akamtaja Mheshimiwa, akaitaja na mamlaka ya maji husika. Hakuweka tusi. Akaunti ya Mheshimiwa ikamfungia siku hiyo hiyo. Lakini picha ilikuwa imeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanakijiji waliohamia mjini, na hao ndio wanaotuma pesa nyumbani, diwani anawaogopa. Mimi nikachukua picha ile ile, nikaenda ofisini kwa mamlaka nikaomba maelezo kwa maandishi. Wakanizungusha siku nne. Siku ya tano wakajibu kwamba pampu imechelewa kwa mkandarasi na itafungwa kufikia tarehe fulani, wakaitaja. Habari ikatoka, ukurasa wa ndani, aya sita. Safari hii mama yumo.

Sasa wadau, nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Pampu haijafungwa. Tulichopata ni tarehe. Lakini kabla ya hapo tulikuwa na "litafanyiwa kazi", na "litafanyiwa kazi" haina kalenda.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja.

Kwa sisi waandishi vijana: posti ya mwanasiasa iwe mwanzo wa kazi. Ukiona video ya uzinduzi, piga simu kwa mtu aliyepo pale ambaye hakupewa nafasi ya kuongea. Ukikosa, usiandike. Ukurasa ujazwe na tangazo la kupotea kwa mbwa, afadhali.

Kwa waheshimiwa: kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, upo kwa sheria ya mwaka 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Mnaposti harusi mlizohudhuria. Postini na orodha ya pesa za mfuko: zilizoingia, zilizotoka, zilikwenda kijiji gani. Ukurasa mmoja tu kila robo mwaka. Mtaokoa hata pesa za kuwalisha chawa.

Kwetu wananchi, wasomi wa mjini hasa, tunaosoma hapa tukiwa ofisini kwa mtandao wa mwajiri: tupunguze "jembe letu" na tupunguze matusi. Ripoti ya mkaguzi inawekwa kwenye tovuti yao kila mwaka na ni bure. Kila mmoja achukue kurasa za halmashauri yake tu, asome, atoe swali moja, ataje ofisi inayotakiwa kujibu, na aandike tarehe atakayouliza tena. Kisha aulize tena. Tunachokosa hasa ni hicho cha mwisho. Jumatatu tunawaka, Alhamisi tumeshahamia kwenye talaka ya msanii.

Na tusisahau kumpigia mtu wa kijijini kwetu mwenye kitochi, tumsomee tulichokiona, tumuulize yeye anaona nini pale alipo. Siku swichi ikizimwa tena, hiyo njia ndiyo itabaki.

Tarehe ya pampu nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani chumbani kwangu. Ikifika nitapanda basi. Kama maji yatatoka, nitawaletea picha ya mama na ndoo yake. Kama hayatatoka, nitawaletea picha ya kibao, na jina la ofisi, na tarehe mpya.

Nawasilisha. Tuko pamoja.